Uzi: Raki za mikono (kantileva) kwa nondo, bomba na mbao katika stoo ya Mukono, Uganda. Nguzo 6 au 8?

StooMukono
Habari za kazi, ndugu zangu. Naomba mawazo ya wanaozijua raki za mikono, zile ambazo nguzo inasimama nyuma na mikono inatokeza mbele, bila nguzo yoyote upande wa kuchukulia mali.

Banda ni la mita 15 kwa 9, limeezekwa, na mlango mkubwa uko upande mfupi. Sakafu ni zege ya mm 100 juu ya marramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa. Mali inayoingia: nondo (mitayimbwa) Y8 hadi Y16, yaani unene wa mm 8 hadi 16, za mita 12, nyingi zimekunjwa katikati na chache zimenyooka, bomba mraba za mita 6 kuanzia 25x25 hadi 50x50, bomba za chuma za maji za inchi 2, PVC za mita 6, mbao za futi 14, payini na kalitunsi (mkaratusi), na mabati. Foklifti hakuna. Kupakia na kushusha ni vijana wanne kwa mikono yao.

Michoro iliyopo ni miwili. Wa kwanza una nguzo 6 zilizoachana mita 2, mikono ya mm 900, ngazi tano. Wa pili una nguzo 8 zilizoachana mita 1.5, mikono ya mm 600, ngazi tatu juu ya mguu (chuma cha chini kinacholala sakafuni, nacho hupangiwa mali). Wa kwanza ni nafuu na kwa macho unabeba mali zaidi. Upi ni sahihi, na nikague nini kabla ya kulipa?

MzeeTimazi
Mwanangu, weka bei kando kwanza. Kinachoamua nafasi kati ya nguzo ni ile mali yako iliyo ndefu na legevu kuliko zote. Kwako ni nondo Y8.

Kanuni inayotumika kwa raki hizi ni kwamba mkia wa mzigo, yaani sehemu inayoning'inia nje ya mkono wa mwisho, uwe nusu ya nafasi kati ya mikono. Hesabu yake ni fupi: urefu wa mzigo gawanya kwa idadi ya mikono, jibu ndilo nafasi. Mita 12 kwa mikono 8 ni mita 1.5, na mikia ya sm 75. Mita 12 kwa mikono 6 ni mita 2, na mikia ya mita 1. Mkia ukiwa nusu, kila mkono unabeba karibu sawa na mwenzake. Ukizidi hapo, mikono ya pembeni inaelemewa na vichwa vya mali vinainama chini.

Kwa kanuni hiyo pekee michoro yote miwili inafaa. Inatenganishwa na kupinda. Chukua nondo moja moja, maana nondo ndani ya fungu hazisaidiani, kila moja inapinda kivyake. Y8 ikilazwa juu ya vizuizi viwili vilivyoachana mita 2 inashuka katikati karibu mm 20. Kwa mita 1.5 inashuka kama mm 6. Y12 ni mm 9 kwa mita 2 na mm 3 kwa mita 1.5. Kupinda hakuendi sambamba na nafasi, kunaenda kwa kipeo cha nne: ongeza nafasi kwa theluthi moja tu, kupinda kunazidi mara tatu. Kwenye raki yenye mikono mingi kupinda kunapungua sana, kwa kuwa nondo inapita juu ya mikono yote, lakini uwiano unabaki ule ule.

Kama hutaki kuamini hesabu, fanya jaribio la sakafuni. Weka vipande viwili vya mbao 4x2 sakafuni kwa nafasi unayoitaka, laza juu yake mali iliyokatwa iishie hapo hapo bila mikia, kisha vuta uzi kutoka kipande hadi kipande na upime pengo kati ya uzi na mali katikati. Pengo likizidi mm 12, sogeza vipande karibu, upime tena. Fanya hivyo kwa Y8, kwa bomba 25x25, kwa PVC na kwa mbao. Nafasi ndogo kuliko zote utakazopata ndiyo ya raki nzima, kwa sababu nguzo ukishazifunga huwezi kuzisogeza: urefu wa vyuma vya kuunganisha nyuma ndio umezishika.

Mbao_Ndeeba
Namuunga mkono Mzee, na upande wa mbao hoja yake ina uzito zaidi.

Futi 14 ni mita 4.27. Kwenye nguzo za mita 2 ubao unapata mikono miwili tu, na mikia ya mita 1.13 kila upande. Mkia huo umezidi nusu ya nafasi. Kwenye nguzo za mita 1.5 ubao unakaa juu ya mikono mitatu, mikia ni sm 63. Chuma kikipinda kidogo, ukikiondoa kinarudi. Mbao mbichi ikikauka ikiwa imepinda inabaki hivyo hivyo, na payini iliyopinda hakuna fundi wa paa atakayeichukua kwa bei ya mbao nyoofu.

Halafu usikadirie uzito kwa mbao kavu. Kalitunsi mbichi inakaribia kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Ubao wa 6x2 wa futi 14 una mita za ujazo 0.033, kwa hiyo mbao 30 za namna hiyo ni karibu tani moja, na kila mkono kati ya mitatu unabeba kilo 330. Payini kavu ni kama nusu ya hapo. Ukipokea mzigo mbichi wakati wa mvua, uhesabu kama mbichi.

Vijiti vya kutenganisha tabaka (unene wa mm 25) vikae juu ya mkono wenyewe, kijiti juu ya kijiti kwa mstari wa wima. Kikiwekwa katikati ya nafasi, kinasukuma ubao wa chini uiname.

StooMukono
Asanteni sana. Basi 1.5. Lakini siwezi kubaki na mikono ya mm 900 kwenye nguzo hizo 8? Ningeongeza nusu ya mali kwa nguzo zile zile.

Kichomeleo
Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mkono unapinda kwenye shina, pale unapogusa nguzo, na mali ikisogea mbali na nguzo shina linaumia zaidi kwa uzito ule ule.

Tazama mkono wa bomba la 80x40x3, upande wa 80 ukiwa wima, kilo 500 juu yake:

Mkono wa mm 600, mali imeenea sawasawa kutoka shina hadi ncha: mkazo kwenye shina ni karibu N/mm² 112.
Mkono huo huo, mali yote iko nchani: 225.
Mkono wa mm 900, mali imeenea: 168.
Mkono wa mm 900, mali yote nchani: 337.

Chuma cha kawaida cha S235 kinaanza kupinda bila kurudi kwenye 235, na katika kubuni hatupendi kuvuka karibu 140. Mkono wa mm 900 kwa bomba hilo umeshavuka hata mali ikiwa imepangwa vizuri. Ukitaka 900 nenda 100x50x3, ambayo mali ikienea inakaa karibu 98. Hapo bei ya chuma, nguzo na mguu inapanda yote pamoja.

Zingatia hili zaidi kuliko namba: kilo zinazoandikwa kwenye raki zinahesabiwa kwa mali iliyoenea mkono mzima. Mali ya nchani ihesabu nusu ya kilo hizo. Na mnapakia kwa mikono! Kijana aliyebeba upande wake wa bomba anaiweka pale anapofika, mbele, halafu inayofuata inaegemea ya kwanza. Kwenye mkono wa mm 900 nyuma kunabaki patupu na mbele kumerundikana. Mm 600 mtu anaifikia hadi kwenye nguzo bila kupanda juu ya kitu. Kwa stoo isiyo na foklifti mimi singezidi 600.

Sasa kuchomelea, kwa kuwa utatengenezewa hapa hapa. Sehemu ya juu ya shina ndiyo inayovutwa, ya chini inasukumwa. Mshono wa juu ndio unaoshika mkono usianguke, na ndio huo mafundi wengi wanaupitisha haraka kwa sababu uko wazi na unaonekana vizuri hata ukiwa mwembamba. Omba mshono uzunguke pande zote nne bila kukatika, unene wake usipungue unene wa bomba, yaani mm 3 au zaidi. Angalia kwa karibu: mshono mzuri una mawimbi madogo yanayofuatana na kingo zake zimeyeyuka na kuingia kwenye vyuma vyote viwili. Ukiona umekaa juu kama nta iliyodondoka, ukucha unaweza kuingia chini ya ukingo wake, huo haujashika. Hiyo hutokea umeme ukishuka mashine ikiwa kazini, au elektrodi zikiwa zimenyonya unyevu. Usikubali wapake rangi kabla hujaona mishono yote.

Mikono ya kufunga kwa bolti ni bora kuliko ya kuchomelea moja kwa moja kwenye nguzo, ikiwa bajeti inaruhusu: bamba la mm 8 au 10 shinani, bolti nne za M12 (unene wa mm 12) za daraja 8.8, mbili juu mbili chini. Mkono ukipinda unabadilisha mkono, hukati nguzo.

Mitambo256
Swali la mtu asiyejua sana: kwa nini asinunue tu zile za kuagiza, za chuma chembamba zilizotobolewa matundu nguzo nzima? Unapandisha na kushusha mkono utakavyo.

MzeeTimazi
Ni nzuri kwa mali nyepesi na kwa kupakia kwa mikono, ndugu. Ubaya wake ni mbili. Nguzo ya chuma chembamba kilichokunjwa ikigongwa ikabonyea, nguvu yake inashuka sana, na kuinyoosha kwa nyundo hakuirudishii. Pia vipuri: mkono mmoja ukipotea unasubiri kontena. Wenye foklifti au wanaoweka nje wachukue chuma kizito cha umbo la I, kilichozamishwa kwenye zinki. Stoo hii ya Mukono ina paa na haina foklifti, zote mbili zinafaa. Ila ukinunua iliyotumika, kagua matundu: yakiwa yamevutika na kuwa mviringo mrefu upande wa juu, raki hiyo ilishazidishiwa mzigo.

Turudi kwenye nguzo, maana bado hatujaigusa. Nguzo inabeba jumla ya mikono yake. Mali iliyo juu ya mguu haimo kwenye hesabu ya nguzo, inashuka moja kwa moja sakafuni. Ndiyo sababu ngazi ya mguu ndiyo ya mali nzito kuliko zote.

Kwa ngazi tatu za kilo 500, mikono ya mm 600, upande mmoja, nguzo na mguu vinapokutana kuna nguvu ya kupinda ya karibu kN·m 5.4. Chuma cha I cha mm 140 kinapata mkazo wa kama N/mm² 70, kinatosha na kinakaa wima. Chaneli ya mm 100 isipendekezwe na mtu, nguzo itaegemea mbele kila ukijaza. Mguu uwe wa chuma kile kile cha nguzo, kwa sababu nguvu ile ile inapita hapo konani na kuingia mguuni. Na mguu usiwe mfupi kuliko mkono hata kidogo. Mkono ukiuzidi mguu, uzito unatafuta kutoka nje ya kitako chake.

Hesabu hizi ni za kukuwezesha kuusoma mchoro. Mhandisi wa miundo aupitie na atie sahihi kabla chuma hakijakatwa.

Zege25
Mnazungumza juu ya sakafu kana kwamba ipo. Mm 100 haitoshi kwa bolti za kufunga miguu ya raki sakafuni.

Kila nguzo itashusha kilo 2,000 za mali (mikono mitatu na mguu) pamoja na uzito wake. Zege lenyewe halitapasuka kwa uzito huo kama chini kumeshindiliwa. Tatizo ni bolti za kutanuka. M12 inataka kuingia kama mm 70 au zaidi, na chini yake kubaki zege ya kutosha. Kwenye mm 100 drili inakaribia kutokea upande wa marramu, na bolti ikitanuka inapasua kipande cha zege kama koni kinachotoka nacho.

Kata sakafu chini ya kila mguu, mita 1 kwa sm 40, chimba hadi kina cha sm 30, shindilia, weka wavu wa Y10 chini na umwage zege. Ni mita za ujazo 0.12 kwa kila nguzo, kwa nguzo 8 ni karibu mita 1 nzima. Kwa uwiano wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) hesabu mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Mwagilia siku 7 bila kukosa. Usitoboe matundu ya bolti kabla ya siku 28.

Kutoboa nako kuna mambo. Tundu la M12 ni mm 12, drili isimame wima, kina kizidi kidogo urefu wa bolti unaoingia. Kisha vumbi. Tundu lililojaa vumbi linaifanya bolti iteleze badala ya kung'ata, unakaza nati na bolti inapanda pole pole kuelekea kwako. Sugua kwa brashi ya waya, puliza kwa pampu, sugua tena, puliza tena, mpaka lisitoe vumbi. Kaza kwa spana ya kipimo. M12 nyingi zinataka karibu Nm 60, ila karatasi ya mtengenezaji ndiyo inayotawala. Bolti isikae karibu na ukingo wa zege. Acha angalau mara kumi ya unene wake, yaani sm 12.

Na tafadhali usifunge raki kwenye ukuta wa matofali ukadhani umeokoa bolti. Ukuta wa tofali haukujengwa uvutwe.

Kabarole_Jenga
Naongeza jambo la huku kwetu magharibi, ingawa hata Mukono linafaa. Raki hii ina nguvu mbele na nyuma kwa sababu ya mguu, lakini pembeni haina chochote isipokuwa vyuma vya kuunganisha nguzo na nguzo. Bila hivyo nguzo zinalala upande mmoja zote kwa pamoja. Tetemeko la Toro la Machi 1966 na lile la Februari 1994 karibu na Fort Portal yanatosha kutukumbusha tuko kando ya Bonde la Ufa. Hata bila tetemeko, kijana akisukuma bomba kwa urefu wake ili lilingane na mengine, anaisukuma raki upande huo huo dhaifu.

Nguzo 8 zina nafasi 7. Vyuma vya mlalo, juu na chini, viwepo kwenye nafasi zote 7. Vya msalaba si lazima kila nafasi, lakini visipungue viwili, na mimi ningeweka kwenye nafasi ya 1, ya 4 na ya 7. Angle (chuma cha umbo la L) ya 40x40x4 inafaa. Zote ziwe nyuma ya nguzo, hazitazuia mali.

Nchani weka kizuizi cha kuchomoa: kipande cha nondo Y16 kinachoingia kwenye tundu na kutokeza mm 75 juu. Bomba za duara bila kizuizi zinatembea.

StooMukono
Kizuizi nimekielewa. Mikono yenyewe ilazwe sawa au iinuliwe mbele?

Kichomeleo
Iinuliwe kidogo, digrii 1 hadi 2. Kwa mm 600 ni ncha kuwa juu ya shina kwa mm 10 hadi 20. Ikijaa inashuka kidogo na bado haitelezeshi mali mbele. Usizidishe, PVC zitajibana zote nyuma.

Ila urefu wa mikono kutoka sakafuni ulingane nguzo hadi nguzo. Vuta uzi kutoka nguzo ya 1 hadi ya 8 kwenye kila ngazi, tofauti isizidi mm 3. Nondo ni laini, itafuata. Bomba mraba 50x50 ni gumu: mkono mmoja ukiwa chini mm 5 fungu linaurukia, na jirani zake wanabeba mzigo wake. Rekebisha kwa mabamba membamba ya chuma chini ya mguu kabla ya kukaza bolti. Mbao usiweke, zinanywea.

Mbao_Ndeeba
PVC na mabati yasisahauliwe.

PVC kwenye ukingo wa mkono wa mm 40 zinabonyea, hasa jua likiwa kali na banda lina joto. Tandaza ubao wa 6x1 kwa urefu juu ya mikono, mistari miwili au mitatu, bomba zilale juu ya ubao. Zenye ukuta mnene chini, nyembamba juu, na vichwa vyenye soketi vipishane, kimoja huku kingine kule, la sivyo rundo linainama upande wa soketi.

Mabati kwenye mikono mitupu, hapana. Yanapinda kati ya mikono na ukingo unakwaruza rangi. Yaweke chini upande mwingine wa banda, juu ya mbao zilizonyanyuliwa, upande mmoja juu kidogo ili maji yakiingia yatoke. Maji yakinaswa kati ya bati na bati yanaleta ule unga mweupe ndani ya siku chache.

StooMukono
Basi nimepanga hivi, mnikosoe. Nguzo 8, ngazi tatu juu ya mguu kwa kimo cha mm 550, 950 na 1,350. Mguuni: nondo. Ngazi ya kwanza: bomba mraba na bomba za inchi 2, fungu moja nguzo 1 hadi 4, jingine nguzo 5 hadi 8. Ya pili: mbao. Ya tatu: PVC. Bomba mraba 40x40x2 ni kama kilo 14 kwa moja, nikiweka 100 ni kilo 1,400, kila mkono 350. Bomba za inchi 2 ni kama kilo 30 kwa moja, 40 ni kilo 1,200, kila mkono 300.

MzeeTimazi
Umepanga vizuri sana, mwanangu. Nina marekebisho manne.

Nondo zilizokunjwa zina urefu wa mita 6 lakini uzito wa mita 12. Tani 2 za nondo nyoofu kwenye nguzo 8 ni kilo 250 kwa kila moja. Zikiwa zimekunjwa zinakaa kwenye nguzo 4, kilo 500. Zisiondoke kamwe kwenye ngazi ya mguu, na kona ya mkunjo ielekee mwisho wa banda, isiwe njiani.

Mafungu mawili ya mita 6 kwenye nafasi za 1.5 yanakutana kichwa kwa kichwa katikati ya nguzo ya 4 na ya 5 bila nafasi hata ya kidole. Kila moja ina mikia ya sm 75, na nafasi ni 1.5. Sogeza fungu la kushoto sm 10 kushoto na la kulia sm 10 kulia, upate sm 20 za kupitisha mkono. Banda la mita 15 linabaki na mita 1.4 kila mwisho, vijana wanapita.

Mbao ziwe nguzo 1 hadi 3 na 4 hadi 6. Nguzo ya 7 na ya 8 ziwe za vipande vya mita 3.

Kujaza anzia chini kwenda juu, kutoa anzia juu kwenda chini. Asionekane mtu anayemaliza nondo za mguuni wakati mbao mbichi zimejaa juu.

Kabarole_Jenga
Bandika kibao kwenye nguzo ya kwanza kwa maandishi makubwa: kila mkono kilo 500 zikiwa zimeenea, 250 zikiwa nchani, kila nguzo kilo 1,500 bila mguu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde watu wake, na kibao ni mwanzo wake.

StooMukono
Na kupokea kazi? Nikague vipi siku ya kuimaliza?

Kichomeleo
Timazi kwanza. Ishushe kutoka juu ya kila nguzo, mbele na pembeni. Kwa nguzo ya mita 1.8 mchepuko usizidi mm 6. Kisha chagua mkono mmoja katika kila ngazi, uchaguzi uwe wako, fundi asikuchagulie. Pima kimo cha ncha kutoka sakafuni. Pakia kilo 625, yaani asilimia 125 ya 500, zikiwa zimeenea: mifuko ya saruji 12 na nusu, juu ya ubao imara. Anza kupanga shinani kwenda nchani, na mtu asisimame mbele wala chini ya mkono. Iache saa moja, pakua, pima ncha tena. Ikirudi pale pale, au imebaki chini isizidi mm 1, pokea. Ikibaki chini zaidi, chuma au mshono umekwisha kupinda bila kurudi, na mikono yote ya aina hiyo irudi karakana. Angalia pia mshono wa juu kwa tochi. Ufa wa kwanza huonekana kama unywele mweusi kwenye pembe.

Rudia kukaza bolti za sakafu baada ya mwezi mmoja wa mzigo.

Zege25
Na kabla ya hayo yote, siku ya kumwaga zege uwe na karatasi ya nafasi za nguzo mkononi. Pima kutoka nguzo ya 1 hadi kila nguzo kwa futi kamba moja iliyovutwa: 1.5, 3.0, 4.5, 6.0, 7.5, 9.0, 10.5. Ukipima nguzo hadi nguzo, kosa la mm 5 kila mara linakuwa sm 3.5 kwenye ya mwisho, na vyuma vya nyuma havitaingia kwenye matundu yake.

StooMukono
Mchoro wa pili basi, mguu wa 140 badala ya chaneli, mikono ya bolti, na zege wiki ijayo. Kazi ikifika kwenye kuinua nguzo nitarudi hapa na vipimo vya timazi.